Walioijua Njia kwa Miguu

Mnamo 1870 jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London lilichapisha makala marefu kuhusu njia za misafara kutoka pwani ya Afrika Mashariki kwenda bara. Aliyeyapeleka alikuwa Thomas Wakefield, mmisionari wa Kimethodisti aliyeishi Ribe, nyuma ya Mombasa. Sehemu kubwa ya njia hizo Wakefield hakuwahi kuzikanyaga. Alizipata kwa mdomo wa Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa upande wa Gazi, na kwa haki jina la Sadi likatiwa kwenye kichwa cha makala. Kituo kwa kituo, siku kwa siku, Sadi alitaja pa kulala, penye maji na pasipo maji, na watu ambao msafara ungewakuta. Njia zenyewe zilikatiza nchi ya Wamaasai hadi kulifikia ziwa Nyanza. Ramani ya kutegemewa ya huko haikuwapo. Ramani ilikuwa Sadi.

Mwaka uliofuata Sadi alimwongoza Charles New kwenda Kilimanjaro. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti, alipoondoka pwani akielekea Naivasha na Baringo, Sadi alikuwemo tena msafarani. Umri ulikuwa umekwenda, lakini kazi ilikuwa ileile: kuijua njia na kusema na Wamaasai kwa lugha yao.

Thomson asingefika mbali bila mtu mwingine wa pwani, Jumbe Kimemeta, tajiri wa pembe kutoka Pangani, aliyeungana naye Taveta. Kimemeta alilifahamu Bonde la Ufa la kati kabla Mzungu yeyote hajaliandika, na miaka michache baadaye akafuatana pia na Count Teleki katika safari yake ya 1887 na 1888. Kusini mwa ziwa Baringo, mahali palipoitwa Njemps, Wailchamus walilima kwa mifereji na kuwauzia wasafiri nafaka, kwa hiyo misafara ilipumzika hapo, ikanunua chakula na kutuma vikundi vidogo kutafuta pembe. Mpagazi wa kawaida alibeba frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Wakati wa kwenda mzigo ulikuwa senyenge, shanga na nguo, na wakati wa kurudi ni pembe. Senyenge ilifungwa kwa mizingo mizito iliyomla mtu bega, na aliyeishiwa nguvu katikati ya nyika hakuwa na wa kumbebea mzigo wake.

Inafaa kuyasema haya mapema, kwa sababu ni rahisi kuisifu miguu ya wazee wa kale na kuwasahau wale ambao hawakuufikia uzee. Wapagazi walikufa kwa ndui, kwa kuhara, kwa njaa na kwa vita. Hata hivyo, waliobaki hai na kuendelea kutembea hadi mvi walikuwa na kitu ambacho watafiti wa ubongo wamekuja kukichunguza kwa mashine karne moja na zaidi baadaye. Kwa watu hawa, kutembea na kukumbuka vilikuwa kazi moja.

Haikuwa kazi ya watu wa misafara peke yao. Katika msitu wa Mau, magharibi ya Nakuru, Waogiek waliishi kwa asali na uwindaji. Ardhi ya kila ukoo ilikuwa kama ukanda uliopanda kutoka chini ya msitu hadi juu, na mpango huo ulikuwa na hekima yake: miti ya chini na ya juu haichanui maua mwezi mmoja, kwa hiyo nyuki nao hawajazi masega mahali pote kwa wakati mmoja. Mwenye mizinga alipaswa kuufuata msimu mlimani. Alipaswa kukumbuka kila mzinga uko mti gani, ulirinwa lini mara ya mwisho, na jirani mwenye haki juu ya mti ule ni nani. Hakuna rejista iliyowekwa. Rejista ilikuwa kwenye miguu ya mwenyewe, aliyepita chini ya miti ileile mwaka baada ya mwaka.

Upande wa Baringo, Watugen waliigawa nchi yao kwa mwinuko: mosop ni juu kwenye baridi, soi ni chini kwenye joto. Kati ya mgongo wa milima ya Kabarnet na sakafu ya bonde la Kerio kuna tofauti ya karibu mita 1,000. Mbuzi walikuwa soi na mashamba yalikuwa juu, au kinyume chake, na mtu mmoja angeweza kuwa na shughuli pande zote mbili. Hakuna aliyeita jambo hilo mazoezi. Lilikuwa ni kwenda kuwaona mbuzi.

Sayansi ya jambo hili inaanzia kwenye kipande cha ubongo kinachoitwa hipokampasi. Viko viwili, kulia na kushoto, ndani kabisa kwenye usawa wa masikio, kila kimoja kimejikunja. Mwaka 1971 John O'Keefe, mtafiti wa chuo kikuu mjini London, alieleza kwamba ndani ya hipokampasi ya panya kuna chembe zinazowaka panya anapofika mahali fulani tu, na nyingine anapofika mahali pengine. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014, pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway. Hipokampasi hiyohiyo ndiyo inayohitajika binadamu anapotaka kukumbuka jana alikula nini na harusi ya binti yake ilikuwaje. Kwa wagonjwa wengi wa Alzheimer ni miongoni mwa sehemu zinazoumia mapema, na ndiyo maana ishara moja ya mwanzo ni mzee kupotea njia ya nyumbani aliyoipita miaka arobaini.

Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wa madereva wa teksi wa London, ambao kabla ya kupewa leseni hulazimika kuhifadhi maelfu ya mitaa. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Baadaye alilinganisha madereva wa teksi na wa basi, wanaopita barabara ileile kila siku, na wa teksi wakaonekana tena kuwa mbele. Lakini dereva wa teksi hukaa kitako siku nzima. Faida yake ilitoka kwenye kutafuta njia, wala haikuhitaji jasho. Sadi alikuwa na vyote viwili.

Jasho lina ushahidi wake. Mwaka 1999 Henriette van Praag na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba panya wanaokimbia kwenye gurudumu huota chembe mpya nyingi zaidi ndani ya hipokampasi. Mwaka 2011 Kirk Erickson na kundi lake walitoa matokeo ya watu 120 wenye umri wa miaka 55 hadi 80, ambao hawakuwa na desturi ya mazoezi. Nusu waliwekwa kwenye mpango wa kutembea dakika 40, siku tatu kwa wiki, mwaka mzima. Nusu nyingine walinyoosha viungo tu. Hipokampasi ya waliotembea iliongezeka kwa takriban asilimia 2, wakati ya wenzao ilipungua kwa asilimia 1.4 hivi, ambao ndio mwendo wa kawaida wa umri. Gazeti lililotangaza habari hiyo kama tiba lilivuka mipaka, kwa sababu hata kundi la kunyoosha viungo lilifanya vizuri zaidi kidogo kwenye majaribio ya kumbukumbu mwishoni mwa mwaka. Bado, sehemu ya ubongo ambayo hunywea kadiri mtu anavyozeeka iliongezeka, tena kwa kutembea tu.

Kwa nini ubongo ujali miguu inafanya nini? David Raichlen na Gene Alexander, watafiti wa Marekani, walipendekeza jibu mwaka 2017 ambalo mrina asali wa Mau asingelikataa. Kwa sehemu kubwa ya historia yake binadamu amepata chakula kwa kutembea mbali huku akifikiri: njia iko wapi, mti ule umezaa, chui amepita hapa. Mwili ulipoanza mwendo, ubongo ulijua kazi inakuja na ukajiandaa. Mwili ukikaa, ubongo nao unapunguza matumizi.

Raichlen hakuitoa hoja hiyo hewani. Yeye na wenzake walifanya kazi miongoni mwa Wahadza wa kando ya ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, katika Bonde la Ufa hilihili kwa upande wa kusini. Waliwafunga vifaa vya kupima mapigo ya moyo na kukuta kwamba watu wazima wa Kihadza walikuwa kwenye shughuli ya kutosha kuharakisha moyo kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, na wazee hawakuwa nyuma sana ya vijana. Dalili za hatari ya ugonjwa wa moyo zilikuwa chache mno. Tayari mwaka 1989 Kristen Hawkes na wenzake walikuwa wameandika kuhusu mabibi wa Kihadza waliotumia muda mrefu wakichimba mizizi kwa mti uliochongwa ncha, kiasi cha kuwashinda wanawake wenye umri wa kuzaa. Bibi huyo hakuambiwa apumzike. Wajukuu walikula kwa sababu yake.

Nakuru yenyewe ilizaliwa kwa kukatiza mwendo wa namna hiyo. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwa Nyanza mwishoni mwa 1901, na njiani ikaacha vituo ambavyo vikawa miji. Nakuru ilitangazwa kuwa mji mwaka 1904, na mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitia saini mkataba na viongozi wa Wamaasai ili kuwaondoa kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru, wengine waende Laikipia na wengine kusini. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, uliowatoa Laikipia. Waliokataa walikwenda mahakamani na mwaka 1913 wakashindwa. Wanahistoria wameandika sana kuhusu ng'ombe waliokufa na ardhi iliyopotea. Ndani ya hesabu hiyo kuna pia wazee waliojua kila chemchemi kati ya Naivasha na Menengai, na ghafla ujuzi wao ukawa wa nchi ambayo hawakuruhusiwa kurudi.

Wakulima wa Kizungu walipochukua mashamba, watu walikuja kutoka nchi ya Wakikuyu na kwingineko kuishi humo kama maskwota. Sheria ya 1918 iliwataka wafanye kazi siku 180 kwa mwaka kwa mwenye shamba. Kipande, ambacho kilianza kutumika kwa nguvu miaka ya 1919 na 1920, kiliwalazimu wanaume wa Kiafrika kubeba karatasi ya kazi ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Aliyetoka shambani bila ruhusa alikamatwa. Kabla ya hapo, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikuwa wamekufa katika kikosi cha wachukuzi, ambacho jina lake bado liko kwenye mtaa wa Kariokor jijini Nairobi. Kutembea kukawa amri ya serikali, au kosa mbele ya polisi.

Kazi za shamba hata hivyo hazikumkalisha mtu. Pareto, ua jeupe ambalo dawa yake huua wadudu, liliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, likastawi Molo, Njoro na kwenye miinuko ya Mau, na Nakuru ikawa makao ya bodi yake na kiwanda chake. Ua hilo huchumwa kwa mkono, moja moja, na kwa kuwa halifunguki lote siku moja, mchumaji hulirudia shamba lilelile kila baada ya wiki mbili au tatu. Wachumaji wengi walikuwa wanawake, na kazi hiyo haikuwa na kikomo cha umri. Mgongo umeinama, kikapu kiunoni, macho yanachagua ua lililofunguka vya kutosha na kuliacha ambalo bado. Ni mazoezi ya mwili, lakini ya macho na uamuzi pia. Malipo yalikuwa madogo, na si haki kuyafanya mazuri kwa sababu tu yalikuwa na faida kwa mishipa ya damu.

Wakati huohuo ulikuja mtindo mpya wa kuutumia mwili, wenye uwanja, saa na kipenga. Walowezi walikuwa na klabu zao za kriketi na gofu, zilizofungwa kwa Waafrika. Michezo ya Waafrika ilipangwa kupitia shule, polisi, jeshi, magereza na reli. Mwaka 1951 kilianzishwa chama cha riadha cha nchi nzima, na Kenya ikapeleka wanariadha Vancouver mwaka 1954 na kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho alileta medali ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba katika mita 800, kutoka Tokyo mwaka 1964. Miaka minne baadaye, huko Mexico, Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott walichukua dhahabu. Baringo nayo ilimtoa Paul Tergat, mzaliwa wa Riwo karibu na Kabarnet, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55.

Ni historia ya kujivunia, na imeandikwa mara nyingi. Kilichoandikwa kidogo ni umbo la taasisi zilizoibeba. Shule, jeshi, polisi: zote hufunga mlango mtu akifika umri fulani. Mchezo uliopangwa ulikuwa wa vijana, tena wa vijana wachache wenye mbio. Mwendo wa zamani, ule wa mizinga na mbuzi na misafara, haukuwa na umri wa kustaafu, lakini ulikuwa unakwisha. Kati ya hivi viwili mzee akabaki bila lake. Na utamaduni ukaja kumpa kiti kwa nia njema kabisa. Mzee akiingia, kijana anasimama. Mzee akitaka maji, mtoto anatumwa. Bibi akishika jembe, wanawe wanaona aibu mbele ya majirani, wanamwambia: wewe umefanya kazi ya kutosha, kaa. Baadaye ikaja pikipiki. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, bodaboda zilipojaa, hata umbali wa kutoka stejini hadi mlangoni, ambao ulikuwa mwendo wa mwisho uliosalia kwa mzee wa Njoro au Bahati, unaweza kununuliwa kwa shilingi chache.

Matokeo yake yalipimwa Nakuru kwa njia ya kando. Kati ya 2007 na 2008 daktari wa macho Mkenya, Wanjiku Mathenge, pamoja na wenzake wa chuo cha afya na tiba za tropiki cha London, walizunguka mitaa na vijiji 100 vya eneo hilo kuwapima watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Walipima watu 4,414. Walikuwa wanatafuta magonjwa ya macho, lakini walibeba pia mashine za presha, mizani na vipimo vya sukari. Takriban nusu ya watu hao walikuwa na shinikizo la juu la damu. Unene uliokithiri na kisukari vilizidi kadiri mtu alivyokuwa wa mjini na mwenye uwezo.

Presha na kusahau vina uhusiano wa karibu kuliko watu wengi wanavyodhani. Ubongo hulishwa na mishipa midogo sana, na damu inayosukumwa kwa nguvu kupita kiasi kwa miaka ishirini huikakamaza na kuiziba. Vipande vidogo vya ubongo hufa bila mtu kuanguka wala kupooza. Familia huona tu kwamba baba amekuwa mzito kufuata mazungumzo, au mama anaweka sufuria jikoni na kuisahau. Wengi husema ni uzee. Wengine, na hili limewahi kuwagharimu wazee maisha yao katika sehemu kadhaa za nchi, husema ni uchawi. Tume ya jarida la Lancet kuhusu dimensia ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa vyote duniani vinahusiana na mambo 14 ambayo kimsingi yanaweza kupunguzwa. Kukaa bila mazoezi kumo katika orodha hiyo, pamoja na presha, kisukari, unene, upweke, na elimu ndogo utotoni. Mtu akitembea kila siku anagusa kadhaa kwa pamoja, hasa kama hatembei peke yake.

Wenye shaka wana hoja pia. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia watu 1,635, wenye umri wa miaka 70 hadi 89, kwa miaka miwili. Waliofanya mazoezi hawakuonekana kuwapita kiakili wale waliohudhuria masomo ya afya tu. Mwaka huohuo Wafini walitangaza utafiti wa watu 1,260, walioanza wakiwa na umri wa miaka 60 hadi 77, ambamo mazoezi yalichanganywa na chakula bora, michezo ya akili na uangalizi wa presha. Huko tofauti ilionekana, ingawa si kubwa. Ukiyaweka matokeo hayo karibu na maisha ya Sadi au ya mrina asali, hayashangazi sana. Mashine ya kukimbilia ndani ya chumba huupa moyo kazi, lakini haina kona ya kukumbuka wala mtu wa kusalimia.

Upande wa pili wa sarafu uko Hyrax Hill, kilomita chache kutoka katikati ya Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937. Kwenye mwamba kumechongwa mashimo ya bao, safu kwa safu, yaliyolainishwa na mikono ya watu waliokaa hapo wakihesabu kete. Wajukuu wa mchezo huo wako mjini: wazee chini ya mti na ubao wa drafti, kete zikiwa vifuniko vya soda, vingine vimegeuzwa juu chini ili kutofautisha pande mbili. Mzee anayeona hatua nne mbele hana ubongo uliolala. Tatizo ni kwamba saa sita za kukaa hapo hazimshushi presha.

Mfano unaojulikana zaidi wa akili ya uzeeni katika Bonde la Ufa hautoki Nakuru, unatoka Eldoret. Januari 2004 Kimani Ng'ang'a Maruge, akiwa na miaka 84 kwa hesabu yake, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, baada ya serikali kuondoa karo. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe na kuhesabu fedha zake. Picha zake akiwa na kaptula na soksi ndefu zilizunguka dunia, na mwaka 2005 akahutubia New York kuhusu elimu ya bure. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimpeleka kwenye kambi ya waliofurushwa, umbali wa kilomita nne hivi kutoka shuleni. Aliendelea kwenda darasani. Dunia ilimtazama akiwa na kalamu mkononi, ila njia ile ya kambini nayo ilikuwa sehemu ya somo. Alifariki Agosti 2009.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, watu wake huonekana wakipanda kuelekea Menengai. Barabara inaacha nyumba za Milimani, inaingia kwenye msitu wa mikaratusi, na vumbi la majivu ya volkano linapanda hadi magotini. Ukingo wa kasoko una mwinuko wa mita 2,278, mia kadhaa juu ya mji. Pale juu kuna nguzo yenye mishale inayoelekeza miji ya dunia na umbali wake, na wauzaji wa soda na vinyago wanaowafahamu wapandaji wa kila wiki kwa sura. Simulizi za Wamaasai zinasema vita vya mwisho vya Walaikipia viliishia kwenye shimo lile, katika karne ya 19. Wengi wa wanaopanda ni vijana wenye simu za kupigia picha. Lakini hukosi vikundi vya wastaafu, walimu na watumishi wa zamani wa serikali, wanaopanda polepole, wakisimama kila kona kubishana kuhusu siasa huku wakivuta pumzi.

Hao ni watu wenye viatu vizuri na pensheni. Kwa mzee wa Kaptembwo au Bondeni hesabu ni nyingine: barabara isiyo na njia ya waendao kwa miguu, mtaro ulio wazi, pikipiki zinazopita pande zote mbili. Na kuna kizuizi ambacho watafiti wa 2007 walikikuta kila mahali, nacho ni macho. Katika utafiti ule mtoto wa jicho ndiye aliyeongoza kwa kusababisha upofu, naye huondolewa kwa upasuaji mfupi. Mzee anayeona ukungu hatoki nje, kwa sababu ameshajikwaa na anaogopa kuvunjika nyonga. Akikaa ndani, presha inapanda, marafiki wanapungua, na mwaka haujaisha wanawe wanasema amebadilika.

Ile orodha ya Lancet ya 2024 iliongeza kwa mara ya kwanza kutoona vizuri bila kutibiwa. Nakuru ilikuwa imeanza kulishughulikia miaka kumi nyuma. Watafiti waliporudi mwaka 2013 kuwatafuta watu walewale wa mwanzo, daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake walikuja na programu ya simu iitwayo Peek, inayoonyesha herufi E iliyogeuzwa juu, chini, kulia au kushoto. Mzee anaelekeza kwa kidole upande zilikotazama ncha zake, na mpimaji hahitaji kuwa daktari. Walipoilinganisha na chati ya kawaida ya hospitalini, nyumbani kwa wazee wenyewe, majibu yalikaribiana. Kipimo kinafanyika uani, mzee akiwa amekaa kwenye kiti alichopewa na wanawe, na anayekutwa na mtoto wa jicho huandikiwa kwenda hospitali.